Mhadhara wa Mbingu, Jumamosi Saa Nne

Mimi nina hasira za karibu, nianze kwa kukiri hilo. Mama yangu anasema mimi bintiye nilizaliwa nimekunja ndita. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kwa miaka mitatu, kila Jumatano saa tisa alasiri, nilikaa kwenye chumba chenye nondo madirishani nikisikiliza watu wa ng'ambo wakieleza sayari za mbali, na sikumtukana mtu hata mara moja, ujue nilijitahidi.

Chumba kilikuwa cha idara yetu ya fizikia, kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Nondo ziliwekwa baada ya kompyuta kuibwa, na fundi aliyezichomelea hakuacha nafasi ya dirisha kufunguka, kwa hiyo hewa ya humo ndani ilikuwa ileile ya wiki iliyopita. Mimi ni mhadhiri msaidizi. Kazi yangu ya Jumatano ilikuwa kufunga mapazia, kuunganisha mtandao na kuwaonyesha wanafunzi mazungumzo ya watafiti. Wiki hii mtu anaeleza barafu iliyojificha chini ya udongo wa Mirihi, wiki ijayo mwingine anaeleza vumbi linalozunguka nyota changa na jinsi linavyogandana mpaka kuwa sayari. Mwanzoni walikuja wanafunzi ishirini. Baadaye wakabaki wanne, na wawili kati yao walifuata umeme wa kuchajia simu.

Hao watafiti niliwaona vizuri kuliko wao walivyoniona. Walikaa kwenye vyumba vyenye madirisha makubwa, kikombe mkononi. Mtu anainuka katikati ya mazungumzo anaenda zake, anarudi, hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Mimi walinijua kama yule wa Tanzania anayekatika. Nikiuliza swali, sauti inakatika. Nikirudia, inakatika tena. Mwishowe nikawa nayaandika maswali, mtu mwingine anayasoma kwa niaba yangu na kuyaharibu, na mimi huku nimeng'ata meno.

Eneo nililolipenda mwenyewe lilikuwa mojawapo ya yale yanayobishaniwa sana siku hizi. Kuna nyota ndogo nyekundu, hazina nguvu kama jua letu, na nyingi zina sayari za mawe zinazozizunguka kwa karibu mno. Sayari ikiwa karibu na nyota yake kiasi hicho, inashikwa. Haigeuki tena ikaonyesha mgongo. Upande mmoja unaitazama nyota siku zote, upande wa pili haujawahi kuiona. Huku ni mchana tu, kule ni usiku tu. Swali wanalogombania watu ni dogo ukilitamka: zina hewa? Hewa ikiwepo, itabeba joto kutoka upande wa mchana ilipeleke gizani, na upande wa mchana utapoa. Isipokuwepo, upande wa mchana utaungua kama kikaango kikavu. Kwa hiyo watu wanapima joto la upande wa mchana kwa darubini iliyo huko angani, wao wakiwa wamekaa chini huku. Nilichoka kuwasikiliza wanaopima. Nilitaka nipime mimi.

Na nafasi nilikuwa nayo, hapo ndipo paliponiuma. Profesa mmoja ng'ambo alikubali nikasome uzamivu kwake, na mfadhili alikubali kunilipia. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, barua ya mwajiri ya kuniruhusu kwenda masomoni. Bila hiyo mfadhili hatoi kitu, na ukiondoka bila hiyo ni utoro kazini, umejifukuza mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliiomba, nafasi ikapita. Mwaka wa pili niliiomba, nafasi ikapita. Huu wa tatu ulikuwa wa mwisho, maana mfadhili hampokei aliyevuka miaka thelathini na tano, na mimi Agosti nilikuwa navuka.

Mwenye kusaini alikuwa mkuu wetu wa idara. Ni mzee mtaratibu, hajawahi kumfokea mtu, na hilo ndilo baya lake. Ningekuwa na bosi wa kufoka, ningefoka naye tukamalizana. Huyu unaingia ofisini kwake umevimba, anainuka, anakuvutia kiti.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba mwalimu. Watoto hawajambo?"

"Sina watoto, mkuu."

"Mungu atajalia. Ile barua yako iko kwenye mchakato."

Sijui nani alituletea neno hilo mjini. Mchakato hauna mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Kitu kikiingia humo huwezi kukidai, kwa sababu hakijakataliwa, na huwezi kukishika, kwa sababu hakijakubaliwa. Sababu ya kweli niliijua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wengi hata viti havitoshi, na aliyekuwa akiwafundisha nguvu na mwendo ni mimi peke yangu. Mimi nikiondoka, yeye ndiye angerudi ubaoni na magoti yake yale.

Basi mwezi wa sita, upepo wa Dodoma unavuma kwelikweli na kila mtu midomo imepasuka, mkuu akaniita. Alikuwa na uchangamfu ambao sikuuzoea.

"Mwalimu, haya mazungumzo yako ya Jumatano, kwa nini yanafungiwa ndani?" akaniuliza, kana kwamba zile nondo nimezichomelea mimi. "Yatoe nje, yawafikie wananchi. Kwa Kiswahili. Tutapata wageni wawili kutoka ofisi za juu, wanataka kuona chuo kinavyogusa jamii."

"Na barua yangu, mkuu?"

Akatabasamu. "Wewe lifanye hili vizuri. Likienda vizuri, nasaini."

Miaka mitatu, na hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza linaloeleweka kunipa. Nilitoka mle ofisini karibu niruke.

Shida ilianzia kwenye tangazo. Ningeandika "semina", kila mtu angekuja na kalamu mkononi akisubiri posho, na ukimwambia hakuna posho anakuona mwizi. Ningeandika "kongamano", pangetakiwa mgeni rasmi, meza ya vitambaa, na nusu saa ya kuzingatia itifaki. "Warsha" hata mimi sijawahi kuielewa. "Mazungumzo" yananukia usuluhishi wa mke na mume. Mimi siku zote kazi yangu ni mihadhara. Nalala nikiandaa mhadhara, naamka natoa mhadhara, hata kwenye ratiba imeandikwa hivyo. Nikaandika mhadhara. Nikaona na kichwa kivutie. Tangazo likasomeka hivi: MHADHARA WA WAZI. MBINGU ZINATUAMBIA NINI? JE, KUNA UHAI MWINGINE? Jumamosi saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa. Maswali yanaruhusiwa.

Nililipeleka kwa dada mmoja mwenye duka la kuchapa pale Ipagala. Akalisoma mara mbili.

"Wanakuja wa pande zote?" akauliza.

"Wote. Si umeona nimeandika?"

"Na polisi mmewapa taarifa?"

"Polisi wa nini, dada yangu?"

Akacheka peke yake, akaniambia nisijali, ataweka na picha. Nilipolirudia jioni nilikuta kaweka mawingu meupe yenye miale ya jua inayotokea katikati. Nikasema sawa, ni zuri. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na barua kichwani. Akanibandikia mengine mwenyewe, sokoni, stendi, na kwenye nguzo za njia yote ya mtaa.

Wewe msomaji umeshajua nilichofanya. Dada yule alijua papo hapo. Mimi na digrii zangu mbili sikujua. Chuoni mhadhara ni mtu mmoja anayeongea na watu wanaosinzia. Mtaani mhadhara ni kitu kimoja tu: uwanja, kipaza sauti, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule, kila mmoja na kitabu chake kimewekwa alama, wanajadiliana dini ipi ya haki mpaka jua linazama. Mimi nimekulia hapahapa. Nimepita kwenye viwanja hivyo utotoni nikitumwa unga. Nilikaa sana ndani ya kile chumba, nikasahau maneno yanavyotumika nje.

Jumamosi nilifika saa mbili na nusu. Ukumbi ni ule wa kukodi, wa sendofu na vikao vya harusi, na vitambaa vya harusi ya juzi bado vilikuwa vinaning'inia. Nikaunganisha mitambo yangu nikiwaza kwamba wakija hamsini nitashukuru. Saa tatu na nusu hapakuwa na pa kukanyaga. Kushoto kanzu, kofia na mitandio. Kulia Biblia, na kwaya nzima yenye sare ya zambarau na kinanda chao. Katikati waliacha njia ambayo hakuna aliyewaambia waiache. Nikasimama pale mbele, jasho likanitoka na baridi ile.

Waliokuja kuongoza pande zile mbili walijitambulisha kwangu. Mmoja alikuwa ustadhi, muuza vitenge sokoni, mtu wa mjini toka kwa babu zake, sauti yake laini. Mwingine alikuwa mwinjilisti, mkulima wa alizeti kutoka Mlali, alidamka akapanda basi la kwanza. Alinisalimia kwa Kigogo kwanza, "mbukwa", kisha Kiswahili. Walikuwa wapinzani wa miaka mingi, na kwa namna walivyosalimiana ungedhani ni mashemeji. Ustadhi alimuuliza mwenzake alizeti imetoa nini mwaka huu. Mwinjilisti alimuuliza mgongo unaendeleaje.

Kisha akaingia mkuu na wageni wake wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wamevaa vizuri. Mkuu macho yalimtoka kwa furaha.

"Mwalimu, umehamasisha," akaninong'oneza.

"Mkuu, hawa hawajaja kwa ajili ya sayari. Hawa wamekuja kwenye mhadhara."

"Si ndiyo huu?"

"Mhadhara wa dini, mkuu. Wamekuja kushindana."

Akaniangalia, akawaangalia watu, akaangalia saa. "Anza tu," akasema. "Wageni wana ratiba."

Nikafikiria kutoroka, sitaficha. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na watu. Kuna mlango wa jikoni, wanakopitishia vyakula siku za harusi. Nilijidai nakwenda kuangalia waya, nikausukuma. Ulikuwa na kufuli kwa nje, na mwenye ukumbi alikuwa ameshaondoka na funguo. Nikarudi mbele. Nikasema habari za asubuhi, watu wakaitikia kwa mbali, bado wananisubiri. Nikasema asalaam aleikum, upande wa kushoto ukaitika kwa kishindo. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, upande wa kulia ukaitika mara mbili yake. Sasa tukawa tumeanza.

"Wewe ndiye mwenyekiti wa mjadala?" akauliza mama mmoja wa mbele, amekunja kanga magotini.

"Hapana, mama. Mimi ndiye mtoa mhadhara."

"Upande upi?"

"Upande wa fizikia."

Ukumbi ulicheka mpaka wageni wakacheka. Mama hakucheka. "Na mpinzani wako yuko wapi?"

Nikamwambia sina. Basi hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Mhadhara usio na mpinzani ni mahubiri, na mahubiri kila mtu anayo kwake bure. Watu wengine walianza kukusanya watoto. Nilimwona mkuu akifuta miwani yake, na nikaiona barua yangu ikienda na wale watu kuelekea mlangoni. Nilikuwa nataka kulia.

Ustadhi ndiye aliyesimama. "Ndugu zangu, kaeni," akasema. "Dada huyu amekuja bila mpinzani, lakini sisi tupo. Leo mimi na mwinjilisti tutakaa upande mmoja. Yeye aseme, sisi tutamjibu."

Mwinjilisti akafikiri kidogo, akavuka ile njia ya katikati na kiti chake, akakaa kando ya ustadhi. Watu wakapiga makofi. Wale waliokuwa wanaondoka wakarudi, na mmoja akamnyang'anya mwenzake kiti.

Nikaanza. Nikasema kuna nyota nyekundu ndogo, na nyingine zina sayari.

"Andiko," akasema ustadhi kwa upole.

"Samahani?"

"Hapa kwetu, dada, mtu akisema jambo anatoa andiko. Imeandikwa wapi?"

Sasa mimi kwenye mazungumzo ya Jumatano nimesikia watu wakitoa madai mazito na hakuna aliyewaambia watoe andiko. Nikaweka picha ukutani: mstari wa mwanga wa nyota, umenyooka, kisha unazama kidogo, kisha unarudi. Nikawaambia andiko langu ni hili. Kitu kimepita mbele ya nyota, kimekata mwanga wake kidogo. Baada ya siku kadhaa kimepita tena, na tena, bila kukosea muda.

"Huo mstari nani kauchora?" akauliza mwinjilisti.

"Kompyuta, baba."

"Na kompyuta nani kaiambia?"

Nikaeleza. Ikabidi nieleze mwanga unakusanywa vipi, unahesabiwa vipi, nani anakagua hesabu. Nikafika kwenye joto: sayari ikipita nyuma ya nyota tunapoteza mwanga wake, tukitoa hesabu ya sasa kwenye ya mwanzo tunapata joto la upande wake wa mchana. Nikaeleza habari ya hewa na kikaango. Nikaonyesha sayari kadhaa zilizopimwa, moto ajabu, inaelekea hazina hewa, ni miamba mitupu.

Mwinjilisti akainua mkono. Aliongea taratibu, akitafuta maneno, Kiswahili kwake ni lugha ya pili. "Mwalimu. Unapima joto la chungu, chungu kiko jikoni. Lakini moto wenyewe unayumba. Ukipanda, ukishuka, utajuaje ni chungu ndicho kimepoa?"

Hilo swali lilikuwa limewagombanisha watu Jumatano mbili zilizopita, maprofesa watu wazima, mmoja mpaka akazima kamera. Nyota zile ndogo zina madoa na zinalipukalipuka, na unaweza kudhani umeona hewa ya sayari kumbe umeona madoa ya nyota. Mkulima wa alizeti alilifikia kwa dakika arobaini.

"Baba, hapo umenibana," nikasema, na watu wakashangilia, wa kushoto kwa kulia.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikasahau barua. Nilitupa karatasi zangu, nikavua koti, nikaanza kuongea kama ninavyoongea nyumbani. Ustadhi akaniuliza kama hewa inaweza kuwepo lakini nyembamba, isiyo na nguvu ya kubeba joto. Nikamwambia inaweza, na hapo vipimo vyetu haviwezi kutofautisha. Akauliza ni darubini ngapi zinaona hayo. Nikasema kwa kazi hiyo, kwa sasa ni moja.

Wakaangaliana, yeye na mwinjilisti. Sijui kama waliwahi kukubaliana jambo lolote hadharani maishani mwao. "Shahidi mmoja," akasema ustadhi. "Hatoshi," akamalizia mwinjilisti, na kila mmoja akapigapiga kitabu chake.

"Basi tuambie wewe," akasema yule mama wa mbele. "Hizo ambazo hazijaungua, zina hewa au hazina?"

"Sijui, mama."

Nikasikia upepo ukichezea bati.

"Hakuna anayejua," nikaongeza. "Wanaofanya kazi hii dunia nzima, hakuna anayejua bado."

"Sasa umetuitia nini?"

"Nimewaita niwaonyeshe tulipokwama. Mkinisukuma, labda tutasogea."

Ustadhi akachukua kipaza sauti. Akasema amehudhuria mihadhara tangu ndevu hazijamtoka, na hajawahi kumsikia mtu aliyesimama mbele akisema hajui. Kisha akasema, "Mpeni dada maji." Nikapewa maji. Yule mama alikuwa na swali moja la mwisho.

"Hiyo sayari iliyoshikwa, haiwezi kujigeuza kidogo, upande ule wa gizani nao uone?"

"Haiwezi, mama. Ipo karibu mno."

"Masikini," akasema, na akaisikitikia kweli, kama anavyosikitikiwa mtu. Nikajifanya nakunywa maji.

Tulimaliza saa nane. Kwaya iliimba, wa kushoto wakaisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Wale wageni walinishika mkono mara mbili mbili, yule mwanamke akaniomba jina langu kamili akaliandika. Mkuu alikuwa anatabasamu tu. Nilirudi nyumbani nikatoa begi kubwa uvunguni, nikalifuta vumbi. Jumapili nilimpigia mama simu kumwambia naondoka. Akalia kidogo, akaniombea.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa mkuu.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba mwalimu, kaa, kaa. Jumamosi umetutoa kimasomaso." Akafungua droo, akatoa bahasha, akaniwekea mezani kwa mikono miwili.

Ilikuwa imesainiwa. Niliona saini kabla ya kitu kingine chochote, ile saini yake ya mkia mrefu niliyoitafuta miaka mitatu. Kisha nikasoma juu. Yah: Uteuzi wako kuwa mratibu wa mihadhara kwa jamii. Kuanzia Chemba, kisha Kongwa, kisha wilaya zote za mkoa, kwa kipindi cha miaka miwili.

"Mkuu, na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ya masomo."

Akashusha pumzi. "Mwalimu, wageni wamekutaja wewe. Hawakutaja chuo, wamekutaja wewe. Nitawaambia nini, kwamba nimekuachia uende?"

"Ulisema likienda vizuri unasaini."

"Nilisema. Sikujua litaenda vizuri kiasi kile."

"Agosti navuka umri, mkuu."

"Elimu haina umri."

"Ufadhili unao."

Alikuwa ananihurumia, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, maana sikupata hata mtu wa kumchukia.

"Nikuulize jambo moja," nikamwambia, "na unijibu kweli. Jumamosi ningeharibu, wale watu wangenizomea, wangeondoka. Ungesaini?"

Mkuu wangu si mwongo. Alivua miwani akalifikiria swali kwa haki kabisa.

"Ungeharibu," akasema, "ningesaini leo asubuhi. Nani angenilaumu?"

Nikainuka. Sikufoka. Nilichokuwa nafikiria ni zile saa za Jumamosi, koti limevuliwa, karatasi zimetupwa, mkulima wa Mlali ananibana na mimi nacheka. Hiyo ndiyo iliyonifunga. Ningekuwa mchovu siku ile, ningekuwa na homa, ningekuwa mwalimu mbaya kidogo tu, ningeondoka.

Nje, katibu muhtasi alikuwa ameshafungua daftari la barua. Akanionyesha kwa kidole pa kusaini kwamba nimepokea uteuzi, hapa na hapa. Nikasaini pote pawili, nikaandika na tarehe.